Kistari Juu ya Herufi E

Novi Sad, 9 Oktoba 1983

Shangazi Perunika,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na nyonga yako imetulia kabla baridi haijashuka kutoka mlimani. Sisi huku hatujambo. Desanka anakusalimu. Yeye bado analalamika kuhusu magoti yake, na mimi bado nalalamika kuhusu Desanka. Kazini imebaki miezi kumi na minane nistaafu, na kwa mapenzi au kwa kunikomoa, sijui, wamenipa kamusi ya kilimo nisome prufu zake na kusahihisha kabla haijachapwa. Kurasa elfu moja na mia mbili, na hakuna ukurasa usio na kosa.

Kifurushi chako cha Septemba kimefika, kama kila mwaka. Soksi zimenikaa vizuri. Jamu ya plamu Desanka ameificha juu ya kabati, mahali anapodhani siwezi kupaona. Asante sana.

Sasa jambo lenyewe. Binti yetu Bilyana ni mjamzito. Daktari anasema mwisho wa Januari, na kwa jinsi tumbo lilivyokaa wanawake wote wa mtaani wameshaamua ni mvulana. Amesema mtoto atachukua jina langu, kama ilivyo desturi kwetu. Jumapili iliyopita tulikula kwa wakwe zake. Mama mkwe wake Emiliya, unawajua watu wa tambarare, aliweka kijiko chini akauliza:

"Nayden? Hilo nalo jina? Mimi nikilisikia namwona mbuzi aliyepotea, jirani akamrudisha."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Bilyana akasema, "Mama, ni jina la baba yangu."

"Najua, mwanangu, simtukani mkwe wangu. Nauliza tu. Maana yake nini? Mtoto wa kuokota?"

Badala ya kumjibu nikamwomba chumvi. Nina miaka hamsini na mitano. Kwamba jina lenyewe ni neno la kuokotwa, hilo hata mtoto mdogo analisikia. Lakini nimeokotwa wapi, na nani? Mama hakuwahi kuniambia. Nakumbuka nilimwuliza mara moja, nikiwa mdogo, akanituma kisimani. Sasa yeye hayupo, baba hayupo, umebaki wewe. Naomba uniandikie habari ya jina hili, ili nami niwe na cha kusema mezani.

Na lile jiwe bapa chini ya mtufaha, nyuma ya kibanda cha kukaushia plamu, lipo bado? Juzi nilimwambia Bilyana jinsi nilivyokuwa nalitumia kunolea kisu changu cha mfukoni.

Wako,
Nayden


Dren ya Juu, 30 Oktoba 1983

Naydén mwanangu,

Marahaba. Nyonga inauma, lakini ikiacha kuuma nitajua nimeshakufa, kwa hiyo iendelee tu. Nimechoma magunia matatu ya pilipili hoho kwa akiba ya baridi, peke yangu, maana jirani yangu Stamena akija kusaidia kazi huongezeka. Kondoo wawili wamepanda juu na hawajarudi. Kasisi mpya ni kijana, anaimba vizuri, hajui kuchinja hata kuku. Msalimie Desanka, mwambie magoti apake mafuta ya nguruwe na aache kwenda kwa madaktari.

Nimefurahi kwa Bilyana. Nimefurahi sana, nimekunywa kikombe kimoja cha pombe ya plamu peke yangu saa nne asubuhi.

Umeuliza habari ya jina. Kwetu mtu akifiwa na watoto anajua la kufanya. Wifi yangu Kalina, mama yako, alikuwa ameshazika wawili, msichana na mvulana, wote hawakutimiza mwaka. Alipojifungua wa tatu, mama yangu alimfunga mtoto blanketi, kaka yangu Sotir akambeba mpaka njia panda ya chini, pale penye kisima, akamlaza. Kisha yeye na Kalina wakajificha nyuma ya uzio. Mpita njia wa kwanza, awe nani awe nani, ndiye angemwokota na kuwa baba wa ubatizo. Kifo kikija kuuliza, kiambiwe huyu si wa Kalina, huyu ameokotwa, kwao hatukujui. Akapita Manoylo, mshona kofia za manyoya, anakwenda mnadani. Nyigu alikuwa amekuuma kidoleni, unalia bonde zima linasikia. Manoylo akakuinua, akakupeleka kwa kasisi, akakutajia jina. Kwa desturi yetu mzazi hana sauti hapo, baba wa ubatizo akishasema amesema.

Basi mwambie huyo Emiliya kwamba jina hilo hupewa mtoto aliyetakiwa kuliko wote. Na mbuzi wake akae naye.

Ila mjukuu msimwite hivyo. Mwiteni Sotir, jina la baba yako, jina zuri. Au mpeni jina la babu yake wa tambarare. Hili msimpe.

Jiwe lipo. Nimechoka, miwani inanibana pua.

Shangazi yako,
Perunika


Novi Sad, 13 Novemba 1983

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua. Kondoo natumaini wamerudi. Hapa ukungu umekaa juu ya mto siku ya sita, na kamusi imefika herufi G.

Habari ya njia panda nilimsomea Bilyana, akafurahi mno. Emiliya naye alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe. Basi si jina la mzaha." Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Halafu nikarudia kusoma mistari yako ya mwisho.

Kama ni jina la mtoto aliyetakiwa kuliko wote, kwa nini mjukuu wangu asipewe? Nimelibeba kwa miaka hamsini na mitano, sijaanguka kwenye kisima, sijafungwa, sijavunja nyumba ya mtu. Nieleze ni kosa gani nimelifanyia.

Na jambo la pili. Usinikasirikie, ndiyo kazi yangu. Cheti changu kinasema nimezaliwa tarehe 12 Februari 1928, na mtoto wa desturi hiyo hupelekwa njia panda akiwa na siku chache tu. Wewe umeandika kwamba nyigu alikuwa ameniuma kidoleni. Huko kwenu mwezi wa pili theluji inafika madirishani. Nyigu hakuna.

Nimeangalia pia namna ulivyoandika. Kuanzia mwanzo unasema "mtoto", "alimfunga", "akambeba". Ukifika kwa nyigu unasema "amekuuma", "unalia". Mwandishi akibadilisha hivyo katikati ya aya, mimi huweka alama pembeni na kumwuliza: huyu ni yule yule?

Nakuuliza wewe pia.

Nayden


(Karatasi ndogo ndani ya kifurushi)

Dren ya Juu, 11 Desemba 1983

Naydén mwanangu,

Nyama iliyokaushwa iko kwenye kitambaa cheupe, jibini kwenye cha bluu, msichanganye. Theluji imeanza. Kondoo mmoja amerudi. Miwani imevunjika, kwa hiyo siwezi kuandika barua ndefu.

Perunika


Novi Sad, 28 Desemba 1983

Shangazi,

Shikamoo. Nyama ni nzuri, jibini ni zuri, Desanka anakushukuru. Miwani yako pole. Naona hata hivyo mwandiko wako haukuyumba.

Nina jambo moja tu leo.

Karatasi yako ilianguka sakafuni na nilipoiokota niliona tone la wino juu ya jina langu, juu ya herufi E. Nikachukua barua ya Oktoba. Tone lipo, juu ya E. Basi nikatoa sanduku la barua zako zote, tangu nilipokuja mjini huku. Desanka aliingia akakuta bahasha zimejaa kitandani akaniuliza, "We mzee, unahama?" Ni bahasha mia moja na kumi na saba. Juu ya kila Nayden uliloliandika, ndani na nje, kuna kistari kidogo, na kila mara kiko juu ya E. Miaka thelathini na mbili nalipwa kwa kuona alama ambazo wengine hawazioni, na hiki nilidhani ni kalamu mbaya.

Sasa nakijua. Ni kistari cha kile kitabu cha kanisani cha babu, ambacho wewe ulijifunzia kusoma. Mle kila neno limewekewa alama juu ya herufi inayobeba mkazo. Unaniandikia jinsi ya kulitamka jina langu.

Lakini hakuna anayelitamka hivyo. Wote huanza kwa nguvu na kumalizia kwa ulegevu. Nami pia. Aliyekuwa akiweka mkazo mwisho ni mtu mmoja tu, ni mama. Alipokuwa akiniita kutoka uani, nusu ya pili ya jina ndiyo iliyofika mlimani.

Nimekumbuka siku aliyonipeleka shule ya bweni, nina miaka kumi na mmoja. Tulitembea tangu alfajiri. Mwalimu alisoma majina, akaniita kama anavyoniita kila mtu. Mama alikuwa bado amesimama mlangoni na kifurushi cha mkate. Akasema, "Samahani, mwalimu. Ni Naydén." Mwalimu akamjibu, "Mama, ya shambani tuyaache shambani. Hapa tunasema Kiserbia sanifu." Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, shangazi, kwa sababu nilikuwa mgeni na nilitaka kukaa upande wa wanaocheka. Mama alikaza kitambaa chake kichwani, akaweka mkate juu ya meza, akaenda. Tangu siku ile hakuwahi tena kulitaja jina langu mbele ya watu. Alikuwa akisema "mwanangu", na nikadhani ni upendo tu.

Mtoto anatarajiwa baada ya wiki nne. Kabla hajazaliwa nataka kujua ninampa nini. Ukinyamaza, nitamwambia Bilyana atafute jina lingine, na langu nitalivaa mpaka kufa kama koti la kuazima. Mimi ni nani?

Nayden


Dren ya Juu, 15 Januari 1984

Naydén mwanangu,

Leo sikuulizi hali. Hali yangu ni mbaya na umeniharibia wewe. Miwani haikuvunjika.

Kalina alituapisha sisi watatu, Sotir, mama yangu na mimi, mikono juu ya mkate. Wote wamekwenda na nimebaki mimi na kiapo. Nimekaa siku kumi natazama barua yako. Leo nimeamua kwamba nikifika huko nitamjibu Kalina mwenyewe, uso kwa uso, na akitaka kunipiga anipige.

Niliyokuandikia ya njia panda ni kweli tupu. Ila hukuwa wewe.

Februari ya mwaka ule Kalina alizaa mvulana. Sotir alimlaza njia panda kwenye theluji, Manoylo akamwokota, kasisi akamwandika kitabuni. Náyden, uzito mwanzo, kama watu wote wanavyolisema, kama jina. Aliishi siku arobaini na moja. Hakuugua. Asubuhi Kalina aliamka, yeye hakuamka.

Kasisi alikuwa ng'ambo ya mabonde mawili na njia ilikuwa imefungwa. Sotir akachimba mwenyewe, chini ya mtufaha. Akasema theluji ikiisha atashuka akamwandikishe kwamba amekufa. Theluji ikaisha. Akavaa viatu, akafika kisimani, akarudi. Mara ya pili akafika mtoni, akarudi. Mara ya tatu hakuvaa viatu. Ndiyo maana kitabuni mtoto yule hajafa mpaka leo.

Kalina naye alianza kushuka njia panda kila alfajiri. Anasimama, kisha anapanda kurudi kukamua kondoo. Watu wakaanza kunong'ona. Mama yangu akamkabili jikoni.

"We Kalina, huko unatafuta nini?"

"Nangoja, mama."

"Unamngoja nani?"

"Simjui bado."

Mama yangu alifanya ishara ya msalaba. Sisi tulidhani akili imemtoka. Ikapita Aprili, yakapita mavuno. Siku ya pili baada ya sikukuu ya Bikira ya Septemba nilikuwa kwenye kibanda, nina miaka kumi na tisa, nageuza plamu, nyigu wamejaa kila mahali. Nikamwona Kalina anapanda mlima amebeba shuka iliyokunjwa kifuani. Mungu anisamehe, nilidhani amefukua kaburi. Nikaziacha plamu. Nikamkimbilia, nikafunua shuka, na ndani ulikuwa wewe. Mkubwa, wa miezi miwili au mitatu, kidole kimevimba, unapiga kelele kama dalali wa mnadani. Sijapata kusikia sauti nzuri kama ile.

Shuka haikuwa ya kwetu. Sisi hatufumi mistari myekundu.

Jikoni mama yangu alisema upelekwe kwa kasisi. Sotir akasema, "Kwa nini? Kitabuni kuna mtoto. Ana jina, ana siku." Hapo Kalina, ambaye tangu Machi hakuwa akisema maneno kumi kwa siku, alipandisha sauti mpaka vikombe vikalia. "Náyden yuko chini ya mtufaha, na jina lake ni lake. Huyu naydén." Unajua sisi hapa kijijini tunavyosema tukipata kisu kilichopotea shambani, uzito mwisho, neno la kila siku: naydén, kimepatikana. Hakuwa anakupa jina. Alikuwa anatuambia kilichotokea. Likabaki hivyo.

Nani alikuweka pale? Vibarua wa mavuno walikuwa wakishuka kurudi tambarare, na habari za mwanamke anayengoja njia panda zilikuwa zimefika mabonde yote. Mtu alisikia. Zaidi ya hapo sijui, na ukiniuliza mara ya pili sitajibu.

Kwenye karatasi majina haya mawili ni kitu kimoja. Mdomoni ni watoto wawili. Kalina alikuwa akiwatofautisha kwa ulimi tu, kila siku, mpaka mwalimu yule alipomfunga mdomo. Mimi nikachukua kalamu kwa niaba yake. Miaka yote ulipokuja likizo na rafiki zako wakakuita mlangoni kwa lugha ya mjini, Kalina alikuwa anageukia dirisha la nyuma. Walikuwa wanamwita yule mwingine. Ndiyo sababu sikutaka mjukuu apewe. Watu wa tambarare uzito wa mwisho hawauwezi. Wangemwita kutwa nzima kwa jina la aliye ardhini, nami nisingeweza kulala.

Sasa jiwe. Ni lake. Uliponolea kisu juu yake nilitaka kukuzaba kofi, Kalina akanishika mkono. Akasema, "Mwache, wifi. Anacheza na mwenzake."

Unauliza wewe ni nani. Wewe ndiye tuliyekuwa tunamngoja. Sina jibu lingine.

Perunika


Novi Sad, 13 Februari 1984

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mzima. Bilyana amejifungua tarehe 27 Januari, mvulana, kilo tatu na nusu, wote wawili wazima. Desanka analia kila akimtazama, kisha ananiambia mimi ndiye ninayelia.

Barua yako niliisoma kazini, nimesimama karibu na dirisha. Baada yake nilirudi kwenye kamusi nikasoma kurasa arobaini. Kesho yake mwenzangu akazirudia akakuta makosa kumi na moja niliyoyapita. Alidhani nimeugua. Nilitaka kukasirika, lakini kila niliyetaka kumkasirikia ameshakufa, au ni wewe. Mwishowe nilimkasirikia yule mvulana wa miaka kumi na mmoja aliyecheka darasani. Huyo sijamsamehe bado.

Niliwaambia wote Jumapili, mezani, nikiwa nimeishika barua yako. Niliisoma bila kuruka neno. Bilyana alikuwa ananyonyesha, hakuinua kichwa. Nilipomaliza, Emiliya aliweka kijiko chini, kama siku ile ya mbuzi. Kisha akasema:

"Nami nilikuita mtoto wa kuokota, kwa mdomo wangu huu. Nisamehe, mkwe."

"Ulisema kweli," nikamjibu.

"Ndiyo maana naomba radhi." Akafuta macho kwa kitambaa cha meza. "Haya, nifundishe. Mkazo unakaa wapi?"

"Mwisho."

"Náyden."

"Hapana. Mwisho."

"Nayde-e-en."

Bilyana akasema, "Mama, hapo unaita treni."

Alijaribu mchana kutwa. Akiosha vyombo tunamsikia, akikunja nepi tunamsikia. Mumewe alitoroka nyumba. Saa kumi na moja jioni aliinama juu ya kitanda cha mtoto akalisema sawasawa, kwa sauti ndogo, na mtoto akafumbua jicho moja. Emiliya ametangaza kwamba atakayemwita mjukuu wake vibaya atatoka nje bila supu. Kwa hiyo unaweza kulala, shangazi. Huku kwetu uzito sasa tunauweza.

Ofisi ya vizazi karani aliniambia vistari haviandikwi kwenye cheti. Nikamwambia najua, nimefanya kazi ya chapa, na kwamba kistari hiki tutakishika kwa mdomo.

Jana ilikuwa tarehe 12 Februari. Desanka alitaka kuoka keki, nikamkataza. Siku ile ina mwenyewe, nami nimeitumia miaka mingi bila ruhusa. Halafu usiku nikahesabu vifurushi vyako vya soksi na jamu, kila mwaka katika siku zile zile baada ya sikukuu ya Bikira, nikaona kwamba nilikuwa nakushukuru kwa soksi tu. Asante kwa zawadi za siku yangu. Nimechelewa kidogo.

Nina ombi moja. Jiwe lichongwe jina. Kaka yangu asikae bila jina wakati mimi nalibeba lote.

Naydén


Dren ya Juu, 26 Februari 1984

Naydén mwanangu,

Marahaba, na hongera, na hongera tena. Afya yangu nzuri, nyonga imenyamaza kwa heshima ya mgeni. Kondoo wa pili hajarudi, nimemsamehe. Huyo Emiliya mlete kiangazi, nataka kumwona mtu wa tambarare anayejifunza kitu.

Mchonga mawe nimemwita. Anasema mpaka theluji ipungue. Nilimwandikia jina kwenye karatasi, na kistari juu ya A. Akasema, "Bibi, kwenye jiwe hatuweki hivi, watu watadhani nimekosea." Nikamwambia, "Weka." Akasema, "Lakini bibi." Nikamwambia jina ni la mtoto wa wifi yangu, patasi ni yake, aweke. Ataweka.

Jana ilikuwa siku ya marehemu. Nilipika ngano, nikachukua divai na koleo, nikatoka kwenda nyuma ya kibanda. Ilinichukua muda kulifikia jiwe. Kalina alikuwa akimpelekea ngano yake kila mwaka kimya kimya, na baada yake mimi vile vile, kama wezi. Jana nilisimama wima nikasema kwa sauti: Náyden. Sijalisema hivyo kwa miaka hamsini na sita. Nilidhani ulimi utakataa. Stamena alikuwa uani kwake akasikia, na kwa nini asisikie. Nikamwambia mtoto kwamba siku yake imerudi, na kwamba ndugu yake aliyekuwa nayo aliitunza vizuri. Nikamwagia divai. Kisha nikakaa kwenye theluji nikalia kama mjinga, mpaka nyonga ikanikumbusha umri wangu.

Sasa niko jikoni nafuma. Soksi zako zitakuja Septemba kama kawaida. Za mtoto nimezianza pia, sufu nyeupe. Stamena amezitazama akasema nimekosea kipimo, hizi ni za mtoto wa miaka miwili. Sijakosea. Nimezifuma kubwa makusudi. Atakua.

Shangazi yako,
Perunika